Sekunde 19: uchambuzi wa simu ya video iliyomkuta baba akiogeshwa

Kwenye orodha ya simu za dada imeandikwa hivi tu: simu ya video, Jumamosi, saa 1:47 asubuhi, sekunde 19. Familia yetu ilichukua zaidi ya mwezi mzima kutoka ndani ya hizo sekunde 19, ndiyo maana nakieleza kisa hiki kwa kirefu. Nimeomba ruhusa kwa wote watatu wanaohusika, na nilianza na baba. Aliniuliza jambo moja tu kabla ya kukubali: majina yatatajwa? Nikamwambia hapana. Akaitikia kwa kichwa.

Mazungumzo mengi kuhusu adabu ya simu za video huishia kwa watu wawili, anayepiga na anayepokea. Huyu aulize kwanza, yule ana haki ya kukata. Ni kweli, lakini haitoshi. Katika kisa hiki aliyeumia kuliko wote hakupiga wala hakupokea. Alikuwa amelala ubavu, mkono mmoja haufanyi kazi, na simu haikuwa yake.

Asubuhi yenyewe

Baba alipata kiharusi mwaka jana. Upande wa kulia ulilegea, mdomo ukapinda, maneno yakawa mazito. Anajua vizuri anachotaka kusema, ila kila neno humchukua muda kulifikia. Akili yake ni timamu kabisa. Ukimsomea habari atakukosoa tarehe. Dada ndiye anayeishi naye na kumhudumia usiku na mchana. Kaka, mkubwa wetu, anaishi mbali na ndiye anayelipia dawa na mazoezi ya viungo. Mimi ni wa mwisho, nakwenda pale mwisho wa juma.

Kila asubuhi dada humwogesha baba kitandani kwa utaratibu aliofundishwa na muuguzi: unafunua sehemu moja, unaiosha, unaikausha, unaifunika, ndipo unahamia nyingine. Mwili mzima hauachwi wazi kwa wakati mmoja. Beseni la maji ya uvuguvugu hukaa kwenye kigoda. Kando yake kuna jagi la maji ya kusuuzia, na simu ya dada huegemezwa kwenye hilo jagi, kioo kikitazama kitanda, kwa sababu baba hupenda kuangalia taarifa ya habari akiogeshwa.

Asubuhi ile alikuwa amegeuzwa ubavu wa kushoto ili dada amsugue mgongo. Uso wake ulikuwa kama hatua moja kutoka kwenye simu. Taulo lilimfunika kuanzia kiunoni kwenda chini. Juu hakuwa na kitu.

Simu ikalia. Habari zikakatika, na kioo kikaleta jina la kaka. Hapa ni lazima nieleze jambo ambalo wengi wetu tumelizoea hata hatulioni tena. Katika programu nyingi, simu ya video inapoingia kamera ya mbele hujiwasha yenyewe na kumwonyesha anayepigiwa sura yake. Nia ni njema, ujione ulivyo kabla ya kupokea. Picha hiyo haimfikii anayepiga, ni yako peke yako. Lakini aliyekuwa mbele ya kamera si dada. Dada alikuwa nyuma ya mgongo wa baba, mikono imejaa povu. Aliyejiona ni baba.

Dada alinyoosha mkono juu ya bega lake ili akate. Kidole kilikuwa na sabuni, kikateleza kwenye kioo, simu ikapokelewa.

Upande wa pili kaka hakuwa amesimama peke yake na simu mkononi. Alikuwa ameiunganisha simu na runinga kubwa ya sebuleni. Walikuwapo shemeji, watoto wao 3, na wageni 3 waliolala hapo usiku ule. Wageni walikuwa wameuliza hali ya Mzee, naye kaka akasema kwa furaha, "Ngojeni tumsalimie." Kwa hiyo mwili wa baba yetu, wenye maji na povu, ulitokea kwenye kioo kikubwa kama meza mbele ya watu 8.

Mtoto mmoja akaita, "Babu!" Baba akaisikia sauti. Mkono wake wa kushoto, ule mzima, ulikuwa umebanwa chini ya ubavu. Akaanza kuuvuta autoe ili alivute taulo. Dada akapiga kelele, "Kata! Kata hiyo simu!" akimwambia kaka, wakati simu ya kukatwa iko mbele yake mwenyewe. Jagi likayumba, simu ikaanguka sakafuni kioo kikitazama dari. Picha ikaisha hapo, sauti ikaendelea. Alichokisema dada katika sekunde zile za mwisho kilisikika sebuleni kwa kaka, na dada ameniomba nisikiandike.

Dakika 2 baadaye kaka alipiga tena. Kwa video. Mara mbili. Nilipomuuliza kwa nini, aliniambia kidole kilirudi palepale kwenye orodha, na simu ikapigwa kama ilivyopigwa mwanzo. Namwamini. Lakini kule chumbani, baada ya yaliyotokea, mlio ule ulisikika kama mtu anayegonga mlango aliokwisha kuuvunja.

Kuna la tatu. Binti mkubwa wa kaka, wa miaka 13, alikuwa amepiga picha ya runinga mara tu uso wa babu yake ulipotokea. Akaiweka kwenye grupu la ukoo lenye watu 41, na maneno "Babu ametusalimia". Aliuona uso tu, hayo mengine hakuyaangalia. Ilikaa dakika 6 mpaka mama yake alipomwambia aifute.

Kwa siku 3 baba alikataa kuogeshwa. Alikubali uso na mikono, basi. Ukiwasha simu mbele yake hata kwa taa tu, aligeukia ukutani.

Kila mmoja na lake

Nilizungumza na kila mmoja peke yake, na nilianza na kaka kwa sababu nilijua ndiye angelaumiwa na wote. Alikuwa na hoja, nami sitaki kuzipunguza. Aliniuliza tangu lini mtu akaomba miadi kumsalimia baba yake mzazi. Halafu akasema jambo zito zaidi. Kwa simu ya sauti, baba kwake ni pumzi tu. Anasubiri neno, neno haliji, simu inakatika na hajui kama mzee yuko vizuri au ana maumivu. Kwa video anayaona macho. "Macho hayajapata kiharusi," aliniambia. Sentensi hiyo sijaisahau.

Hoja ya mwisho ilichukua muda kutoka. Nilimuuliza kwa nini huwa hatumi ujumbe kwanza, hata wa mstari mmoja. Akanyamaza, kisha akasema: "Mkiambiwa mapema mnamvalisha."

Dada sikuwa nimemweleza hayo, lakini alikuwa anayajua siku nyingi. "Kaka hapigi kusalimia. Anapiga kukagua," alisema. Alikumbuka simu moja baada ya nyingine: ile kaka alipomwambia ageuze kamera aone shuka, ile alipouliza kwa nini chupa ya dawa iko palepale, ile ya saa 4 usiku iliyomkuta yeye mwenyewe amelala kwenye kiti na kanga ya kujifunika. Mtu anayeweza kuonwa wakati wowote hapumziki hata asipoonwa. Huishi kama mtu anayesubiri mlango ufunguliwe. Dada alikuwa ameanza kulaza simu kifudifudi kila mahali, isipokuwa saa ile moja ya kuoga, kwa sababu ya habari za baba.

Aliamini pia kwamba simu ilijifungua yenyewe, kwamba kaka alianza kuwaona kabla haijapokelewa. Orodha ya simu inaonyesha ilipokelewa, na ule utelezi wa sabuni unatosha kueleza. Lakini hofu yake si ya kuchekwa. Januari 2019 iligundulika kasoro katika simu za kundi za FaceTime, programu ya simu za video ya kampuni ya Apple: mpigaji aliweza kusikia sauti za upande wa pili kabla mtu hajapokea, na katika hali fulani hata kuona picha. Apple ilizima huduma hiyo ya kundi mpaka masahihisho yalipotoka Februari 7. Kwa hiyo mtu anayeogopa kwamba simu inayolia tayari inamwona haogopi kitu ambacho hakijawahi kutokea duniani. Katika kisa chetu tu, haikuwa hivyo.

Baba nilimsikia siku ya nne. Nilikaa kwenye kigoda kilekile cha beseni. Alichukua muda mrefu, nami nikajizuia kumtafutia maneno.

"Niliona... mtu," alisema.

Nikadhani anamzungumzia mgeni fulani aliyemwona sebuleni kwa kaka. Akatikisa kichwa kukataa. Akainua mkono wa kushoto, akaugusa upande wa mdomo uliopinda.

"Mtu... ni mimi."

Tangu augue hakuwa amejiona. Kioo cha kujitazamia kiko bafuni, naye haendi bafuni. Hakuna aliyefikiria kumletea kioo, na hakuna aliyefikiria kutomletea. Mara ya kwanza kuiona sura yake mpya ilikuwa kwenye simu, ikiwa imejaa kioo kizima, simu inalia, na mwili uko wazi.

Kosa liko wapi

Maneno hayo mawili ya baba yalibadilisha namna ninavyokisoma kisa chote. Mpaka pale nilikuwa najenga hoja juu ya kupokelewa kwa simu: dada alipaswa kukausha mikono kwanza, simu isingeegemezwa pale, kidole kisingeteleza. Lakini jeraha la kwanza lilitokea kabla ya kidole kugusa kioo. Hata kama dada angefanikiwa kukata, baba angekuwa tayari amejiona. Mtu akikwambia "usingepokea tu", anasahau kwamba simu ya video huanza kufanya kazi yake chumbani tangu inapolia.

Kujitazama kwenye simu si jambo dogo hata kwa walio wazima. Mwaka 2021 mtafiti Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford aliandika kuhusu uchovu wa mikutano ya video, na kati ya sababu 4 alizozitaja mojawapo ni kujiona muda wote, kama vile mtu anakufuata kazini na kioo cha kujitazamia siku nzima. Huko anazungumzia wafanyakazi waliochana nywele na kukaa mezani wakijua mkutano unaanza saa ngapi. Mgonjwa hakupewa hiyo nafasi ya kuchana nywele.

Swali la kaka la miadi linastahili jibu la heshima. Hoja yake imejengwa juu ya wazo kwamba simu ya video ni simu tu, iliyoongezewa picha. Nadhani hapo ndipo wengi tunapotelezea, na mimi nimo, kwa sababu nimewahi kuwapigia watu video nikiwa njiani, bila sababu, bila taarifa. Sauti hubeba kile tu unachoamua kusema. Ukiwa umejifunga taulo unaweza kuongea na mkwe wako kwa heshima zote naye asijue. Kamera haikungoji uamue. Inachukua kitanda, dawa zilizo mezani, nguo zilizoanikwa, mtu anayepita nyuma. Watu waliliona hilo tangu mwanzo. Kampuni ya simu ya Marekani AT&T ilipoonyesha simu yake ya picha, Picturephone, kwenye maonyesho ya dunia ya New York mwaka 1964, kisha ikaianzisha kama huduma ya biashara Pittsburgh mwaka 1970, haikushika. Gharama na uchache wa watumiaji vilichangia, lakini wengi pia hawakupenda kuonekana kila simu inapolia. Leo kamera iko kwenye kila mfuko na bei si kikwazo tena. Ile haya waliyokuwa nayo watu wa 1970 haikuwa ushamba. Walikuwa wametambua tofauti ambayo sisi tumeizoea mpaka hatuioni.

Kwa hiyo jibu langu kwa kaka lilikuwa hivi: kumsalimia baba hakuhitaji miadi, kuingia chumbani mwake kunahitaji hodi. Ukiwa hapa nyumbani, kaka, humsukumii baba mlango wakati anaogeshwa, ingawa ni baba yako na ingawa dawa unalipia wewe. Ungesimama nje ungoje. Simu ya video ni mlango huohuo. Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, katika kifungu cha 12, linaweka pamoja faragha ya mtu, familia yake, nyumba yake na mawasiliano yake, kwamba visiingiliwe kiholela. Walioliandika hawakuwa na simu hizi mikononi, lakini sekunde 19 zetu ziligusa vyote vinne kwa pamoja.

Kaka akajibu kwamba dada anamwona baba uchi kila siku, na yeye ni mtoto vilevile. Hoja hii ilinisumbua mpaka nikakumbuka wazo la mwanafalsafa Helen Nissenbaum, aliyeeleza mwaka 2004 kwamba faragha haimaanishi kitu kifichwe kwa kila mtu. Maana yake ni kwamba habari iende inakostahili kwenda kulingana na mahali ilipotoka. Mwili wa baba kwa dada anayeuosha hauna aibu yoyote, mpaka na utaratibu wa taulo umewekwa kwa ajili hiyo. Kilichoharibika ni kwamba picha ileile ilihamishwa kutoka chumbani kwenda sebuleni, kwa watu waliokaa kwenye makochi. Mwili haukubadilika. Macho na mahali ndivyo vilivyobadilika.

Na wale watu 8 hawakuonekana. Kwangu hili ndilo kosa kubwa zaidi la kaka, kubwa kuliko la kutotuma ujumbe. Hata kama baba angekuwa amevaa na kukaa kwenye kiti, angedhani anaongea na mwanawe, kumbe ameketishwa mbele ya hadhara. Mwaka 2016 programu ya Google Duo ilikuja na kitu kilichoitwa Knock Knock: simu inapolia, anayepigiwa anamwona mpigaji moja kwa moja kabla hajapokea. Yaani anayekuja ndiye anayejionyesha kwanza, na mwenye chumba anaamua baada ya kumwona. Kama dada angekiona kile chumba cha kaka, runinga, wageni na watoto, asingenyoosha hata kidole. Angeibinua simu na mkono mzima. Si lazima programu itufanyie hivyo. Inatosha mpigaji kusema: niko na shemeji yako na wageni watatu, na simu iko kwenye runinga. Sentensi moja.

Sasa lile la kukagua. Sitaki kulipita haraka kwa sababu lina ukweli wake mchungu. Wazee hunyanyaswa majumbani, na mara nyingine anayewanyanyasa ni anayewahudumia. Mtoto aliye mbali ana haki ya kutaka kujua. Lakini kaka alikuwa anatafuta jibu la swali hilo kwa njia inayomvunjia heshima yuleyule anayetaka kumlinda. Simu ya ghafla ilimwonyesha nini? Shuka, chupa, dada aliyechoka. Haikumwonyesha kwamba mgongo wa baba hauna kidonda hata kimoja baada ya miezi yote hiyo ya kulala, kidonda ambacho kingetokea upesi kama asingekuwa anageuzwa na kukaushwa inavyotakiwa. Hilo analijua muuguzi anayemtembelea, na muuguzi ana namba ya simu. Analijua baba mwenyewe, ambaye anaweza kuulizwa na akajibu kwa ndiyo na hapana ukimpa muda. Kaka hakuwahi kumwuliza yeyote kati yao. Alikuwa anamwuliza kamera.

Kwa upande wa dada nina neno moja tu. Simu yenye kamera haipaswi kutazama kitanda wakati mtu anaoshwa, hata kama inatoa habari. Sauti ya habari inasikika simu ikiwa imelazwa au imegeuzwa. Alilikubali hilo kabla sijamaliza kulisema, na alilia. Sikuona sababu ya kuongeza.

Namna tulivyorekebisha

Mwanzo tuliharibu zaidi. Kaka, kwa majuto ya kweli, aliandika ujumbe mrefu kwenye grupu la ukoo akiomba radhi kwa ile picha na kumtaka kila aliyeihifadhi aifute. Picha ilikuwa imeonwa na watu wachache tu ndani ya zile dakika 6. Baada ya ule ujumbe, wote 41 walijua. Shangazi aliyekuwa hajaona kitu alipiga simu kuuliza ni picha gani. Binamu mmoja akauliza palepale kwenye grupu, "Ipi hiyo?" Radhi ya hadharani ilikuwa inamtuliza aliyeomba, huku ikimvua tena nguo aliyekosewa.

Tukakaa kimya kwenye grupu, kisha shemeji akachukua orodha ya waliokuwa wameifungua picha na kuwapigia mmoja mmoja, kwa sauti, bila kueleza zaidi ya inavyohitajika. Simu nyingi huhifadhi zenyewe picha zinazoingia, na kufuta kwenye grupu si lazima kufute nakala iliyokwisha kuhifadhiwa. Watu 4 waliikuta na kuifuta. Wengine wawili walisema hawana. Zaidi ya hapo hatuwezi kujua, na baba aliambiwa hivyo bila kufichwa. Binti wa kaka hakupigwa wala kuadhibiwa. Alimwandikia babu yake barua kwa mkono, na baba akaomba asomewe mara mbili.

Kisha tukamwuliza baba mwenyewe, ambalo lilipaswa kuwa la kwanza. Nilikuwa nimejiandaa kusikia kwamba hataki tena simu za video. Haikuwa hivyo. Anataka kuwaona wajukuu. Asichotaka ni yeye kuonwa. Ilinishangaza kwamba hakuna kati yetu aliyewahi kufikiria kwamba mambo hayo mawili yanaweza kutenganishwa, wakati programu nyingi zina kitufe cha kuzima kamera yako huku ukiendelea kumwona mwenzako. Tatizo ni kwamba kitufe hicho kinabonyezwa simu ikishapokelewa au sekunde chache kabla, na baba haamini tena hizo sekunde chache. Alitaka kitu anachoweza kukigusa.

Dada akakata kipande cha plasta, ile ya kufunikia vidonda, akakibandika juu ya kamera ya mbele. Picha ya kujitazama ikawa nyeusi. Baba aliishika simu kwa mkono wa kushoto, akaigeuza huku na huku, akaona weusi tu. Akasema, "Sawa."

Makubaliano mengine ni machache. Kaka hutuma ujumbe kwanza na kusema yuko na nani. Jibu lisipokuja, hapigi, na kimya hakitafsiriwi kuwa kuna kinachofichwa. Kukiwa na dharura anapiga kwa sauti. Mambo ya afya anamwuliza muuguzi, ambaye baba amemruhusu kuzungumza naye. Simu haiunganishwi na runinga bila baba kuulizwa. Dada ana saa zake ambazo hapigiwi kabisa, na hizo hakutakiwa kuzitetea kwa sababu yoyote.

Kaka aliona shida kubwa kuyapoteza yale macho. Wiki mbili za kwanza alinipigia mara kadhaa kulalamika kwamba anaongea na weusi, na nilimhurumia kwa sababu upendo wake sikuwahi kuutilia shaka. Nilimwomba asimwombe baba aondoe plasta, hata kwa utani, hata kupitia kwa watoto. Alivumilia.

Jumapili ya tano nilikuwepo. Baba alikuwa ameketi kwenye kiti cha dirishani, amevaa shati la mikono mirefu alilolichagua mwenyewe, upande mzima wa uso ukiwa kwenye mwanga. Watoto walikuwa wanamwonyesha michoro yao mmoja baada ya mwingine. Katikati ya mchoro wa tatu akaweka simu magotini, akaukuna ukingo wa plasta kwa kucha ya kidole gumba, taratibu, mpaka ikanyanyuka. Dada alitaka kumsaidia. Akamzuia kwa macho. Aliibandika plasta kwenye mkono wa kiti, akainua simu, akaielekeza usoni pake. Upande wa pili pakawa kimya, kisha kaka akasema, "Shikamoo, baba."

Marahaba ilichukua muda kufika, na kaka aliisubiri.

Jumapili iliyofuata baba aliiacha plasta mahali pake na wakaongea dakika 40.